Bi Roz na Piano Isiyolia

Kila Jumatatu ya kwanza ya Julai, watoto wakishamaliza chapati zao za maji na shira ya mti wa mepo, Gordon Ambruster, mwenye Kambi ya Tamarack, hubandika karatasi kwenye mlango wa bwalo. Karatasi ina majina ya watoto na nafasi walizopangiwa katika michezo ya kuigiza ya msimu. Baada ya dakika tano dunia imeshagawanyika: huyu malkia, yule kichaka. Malkia hupiga mayowe. Vichaka huenda kulia nyuma ya banda la kuni, na kwa kuwa wote wamefundishwa kuimba, hulia kwa sauti tatu zinazopatana vizuri kabisa.

Jina la Roslyn Pinchuk halikuwahi kuwemo kwenye karatasi ile, si kwa malkia, si kwa kichaka. Alipiga piano pale misimu ishirini na tisa, amekaa kwenye pembe ya jukwaa, mgongo kwa watazamaji, kando ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Wazazi waliokuja kutoka New York na magari yao mazuri walimfahamu kwa kisogo. Mama mmoja aliwahi kumpa koti lake amtundikie. Bi Roz alilitundika, akarudi kupiga.

Miezi mingine kumi alipiga kinanda kwenye nyumba ya mazishi ya mji wetu, huku chini ya milima ya Catskill. Kazi hiyo aliisifu sana. "Kule mhusika mkuu hasahau ubeti," alisema. Mumewe, Morton, alikuwa akiuza magodoro, na mwaka wa sita wa ndoa alihamia Florida kwa sababu, alivyodai, nyumba ilikuwa na kelele. Mtu anayeuza magodoro anataka usingizi, huwezi kumlaumu. Watoto Bi Roz hakujaliwa. Kila kiangazi alipewa wa watu mia na arobaini kwa wiki nane, kisha wanachukuliwa wote siku moja, kabla ya chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa nikipigilia misumari mandhari ya jukwaani na kumgeuzia kurasa. Nilikuja kwa msimu mmoja baada ya chuo kikuu na mimi kuchokana, nikabaki. Ninachokijua juu ya kazi ya binadamu nilikijua pale kwenye benchi la piano, nikimtazama akivunja taratibu zote za muziki kwa ajili ya watoto wasiojua hata kwamba zimevunjwa.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja: mfuate mtoto. Mtoto akichelewa, mchelewee. Akikimbia, kimbia naye. Sauti ikimvunjikia, ushushe wimbo palepale, bila kumwambia, bila hata kumtazama.

"Bi Roz, sauti yangu imekufa!" Wendell Stroup alimlilia asubuhi moja. Ana miaka kumi na mitatu, amepewa nafasi ya mfalme. "Jana usiku ilikuwepo!"

"Haijafa. Inabadilisha nguo. Imba."

"Watanicheka!"

"Wakikucheka niangalie mimi. Nina sura ya kuchekesha zaidi."

"Hilo kweli," Wendell akasema, akafuta kamasi, akaimba.

Siku ya maonyesho Wendell huyo aliimba ubeti wa kwanza, akarukia wa nne, akaona watu wanamkodolea macho, akarudi wa pili, kisha akakimbilia mwisho kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Bi Roz alikuwa naye kila aliporuka. Mimi na kurasa zangu tulipotea zamani. Nilibaki kujipepea nazo. Baba yake Wendell alisimama kupiga makofi, akasema mtunzi wa wimbo ule alikuwa na akili ya ajabu. Mtunzi angekuwepo angeita polisi.

Majira ya kuchipua ya mwaka elfu mbili na mbili, daktari wa mjini alimshika Bi Roz vidole kimoja kimoja kama anayechagua karoti sokoni. Baridi yabisi. Akamwambia kiangazi hicho angemudu, kijacho asikitegemee.

Alinieleza habari hizo tukiwa tunafungua banda la jukwaa, tunafagia mavi ya popo. Hakulia. Aliniomba kitu kimoja: nimtafutie, kwenye kanda za video za kambi, mahali popote anaposikika akipiga. Nilikaa siku mbili ofisini kwa Gordon nikitazama kanda ishirini na mbili. Nilisikia akina mama wakipenga pua. Nilisikia mtoto mchanga wa mtu mmoja akikua kutoka kanda hadi kanda. Piano ilisikika kama jirani anagonga sufuria nyumba ya tatu. Na Bi Roz mwenyewe haonekani hata mara moja, ila kanda ya mwaka wa tisini na moja, kiwiko.

Nikamwambia ukweli. Alicheka kidogo. "Kiwiko kipi?"

"Cha kulia."

"Afadhali. Hicho ndicho kizuri."

Ndipo ikaja filamu.

Gordon alitutangazia wakati wa chakula cha jioni, makaroni na jibini, akiwa amepanda juu ya meza. "Wapenzi wangu! Watu wa filamu wanakuja hapa kupiga picha! Filamu ya kuchekesha, yenye nyimbo, kuhusu vijana kwenye kambi ya kuigiza wakati wa kiangazi! Yaani sisi!"

"Nani ataigiza kuwa mimi?" mtoto mmoja akapiga kelele. Wengine mia na thelathini na tisa wakauliza hilohilo kwa wakati mmoja.

Jibu lilikuwa kwamba wataigizwa na watu wazima wa miaka ishirini na sita wanaonyoa ndevu mara mbili kwa siku. Watoto wenyewe wangekaa kwenye viti, wapige makofi wakiambiwa. Kwa mara ya kwanza tangu kambi ianzishwe, wote walikuwa vichaka. Banda la kuni lilijaa, ikabidi wengine wakalie ufukweni mwa ziwa kwa zamu.

Mwongozaji aliitwa Brice Hallahan, kijana wa miaka ishirini na tisa, aliyevaa kofia ya sufu mwezi wa Julai na kumwita kila mtu "mpendwa" ili asishike jina lolote. Alizungukazunguka bandani akiunda fremu kwa vidole, mpaka fremu ikaangukia pembe ya ndoo ya mchanga.

"Huyu mama ni nani? Asiondoke mtu! Uso kama huo huwezi kuununua."

"Mimi nimepewa bure miaka sitini na minane," Bi Roz akasema.

"Anaongea pia! Mama mpendwa, sikia. Wimbo wa mwisho wa filamu. Mtoto mmoja jukwaani, peke yake. Wewe kwenye piano. Ukumbi mzima unalia. Nataka wewe, siyo mwigizaji. Nimechoka na uongo."

"Mtanichukua ninavyopiga?"

"Mama, kila kitu cha kweli. Kila kitu."

Bi Roz alirudi kukaa, akaanza kupanga kurasa ambazo ndiyo kwanza mimi nilikuwa nimezipanga. "Umemsikia?" akaninong'oneza. "Wimbo mmoja. Ukibaki mmoja unanitosha. Nikitaka miwili nitaonekana mroho."

Kwa wiki tatu alijifunza wimbo ule kwa moyo. Kila asubuhi kabla ya kengele alikuwa jikoni, mikono imezama ndani ya beseni la maji ya moto, huku Lupe mpishi akimgombeza.

"Mama we, beseni langu la viazi hilo!"

"Na hivi ni viazi. Ongeza moto."

Alikwenda mjini kutengenezwa nywele. Alitoa sweta yake ya kijani yenye vifungo vya mfupa, ile ya mazishi makubwa, akaifua kwa mkono. Alipunguza kucha. Nilikuwa sijawahi kumwona Bi Roz akitaka kitu. Ilitisha kidogo, kama kumwona mwalimu wako anakimbia.

Siku ya kupiga picha banda lilikuwa na joto la kuoka mkate. Taa, nyaya, watu arobaini wenye mkanda wa gundi kiunoni, na watoto wetu kwenye viti wamepigwa poda hadi masikioni. Bi Roz alikaa kwenye benchi, akarekebisha sweta, akaweka mikono kwenye piano na kujaribu sauti ya kwanza.

Kimya. Akagonga tena. Ikatoka tupu, kama mtu anayegonga mto.

Fundi sauti, jamaa mnene mpole aliyeitwa Stosh, akaja akichuchumaa. "Mama, usishtuke. Tumetandika kitambaa cha sufu kati ya nyundo na nyuzi. Isilie. Muziki umesharekodiwa mjini, tangu mwezi wa tatu. Tutaufungulia kwenye spika, wewe unagusa tu kufuata."

"Mwezi wa tatu? Kapiga nani?"

"Jamaa mmoja. Fundi kweli."

"Alikuwa anamfuata nani?"

Stosh alimtazama. "Anamfuata nani vipi?"

"Alipokuwa anapiga. Alikuwa anamsikiliza nani?"

"Alikuwa na mashine ya kuhesabu mapigo masikioni, mama. Halafu mtoto akaja siku nyingine akaimba juu yake."

Bi Roz akafutwa jasho juu ya mdomo na mtu wa poda. Kisha akanigeukia. "Sauti haipo. Basi. Mikono ipo. Mtu akiiona atajua." Alinitazama mpaka nikaitikia kwa kichwa, ingawa sikujua mtu gani huyo na atajua nini.

Mtoto wa kuimba, kichaka pekee aliyepandishwa cheo, alikuwa wa kwetu kweli, Twyla Brandt, miaka kumi na miwili, meno yenye waya. Sauti yake ilishachukuliwa. Kazi yake siku ile ilikuwa kufumbua mdomo kulingana na spika.

"Kamera!" Brice akaita. Spika ikaanza. Twyla akafumbua mdomo, ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Kisha taa kubwa ikamhamia usoni, naye akasahau. Midomo yake ikaingia ubeti wa tatu, wakati spika inaimba wa pili.

Na mikono ya Bi Roz ikaruka ubeti wa tatu pamoja naye.

"Kata!" Brice akaja akitabasamu. "Twyla mpendwa, si kitu, usilie. Mama, mtoto akikosea wewe endelea na spika. Uso wake naweza kuufunika, naweka picha ya mzazi anayelia. Mikono siwezi kuifunika, iko mbele kabisa. Sawa?"

"Sawa. Samahani."

Wakaanza upya. Twyla akaharakisha. Bi Roz akaharakisha naye.

"Kata! Mama. Spika."

"Naisikia, mwanangu. Naisikia vizuri."

Mara ya nne walimwambia asimtazame mtoto. Akakaza macho kwenye kurasa. Twyla akakosea, mikono ikamfuata. Mara ya sita wakasimamisha ubao kati yao. Twyla akavuta pumzi ya kuogopa upande wa pili wa ubao, na mikono ikamngoja. Mara ya saba nilimwona Bi Roz amejiuma mdomo wa chini mpaka damu, analazimisha vidole vibaki na spika, na vilibaki, mstari mmoja, mistari miwili, mistari mitatu, nikaanza kuomba Mungu ambaye tulikuwa hatujasalimiana miaka. Kisha midomo ya mtoto ikasita katikati ya neno. Vidole vikasita.

"Mama, unanifanyia makusudi?" Brice alikuwa ameshavua kofia. Nywele zilikuwa zimemlowa, akaonekana mtoto mwenyewe.

"Hapana, mwanangu."

"Tatizo nini sasa? Ni spika tu! Iko palepale kila mara! Haikosei!"

"Ndiyo," Bi Roz akasema. "Sijui kumfuata asiyekosea."

Alisema kwa aibu, kama mtu mzima anayekiri hajui kusoma. Brice akaenda nje kuvuta sigara na mtayarishaji. Waliporudi walikuwa na mvuta nyaya, kijana wa miaka ishirini na mitatu aitwaye Corey, mikono yake imetoka kunyolewa vinyweleo kwa wembe wa mtu.

"Mama mpendwa," Brice akasema, "tutakuomba sweta."

Watu arobaini waligeuka kumtazama. Hata mbu walisubiri.

Bi Roz akaivua. Kijana akaivaa, mikono mifupi, imembana mabegani. Vifungo vilimshinda, maana upande wa kike hufungwa kinyume. Akasimama pale anahangaika, uso umemwiva. "Samahani, mama. Mimi hata sijui kupiga piano."

"Nayo hailii," Bi Roz akamwambia. Akamfunga vifungo, kimoja kimoja, kwa vile vidole vya viazi, akamnyoosha kola, akaja kusimama kando yangu nyuma ya kamera akiwa na blauzi ya jasho.

"Kamera!"

Twyla akatazama pembeni, akaona mikono ya Corey. Akaimba wimbo mzima. Hakukosea hata pahali pamoja. Corey alikuwa akigusagusa popote, kama anayetafuta swichi gizani, lakini kwa mapigo ya spika, sawasawa kabisa. Brice akalia machozi. "Hiyo! Hiyo ndiyo!" Watu arobaini wakapiga makofi, watoto wetu, ambao taa ziliwaziba macho wasiione piano, wakapiga makofi. Bi Roz naye alipiga.

Twyla akashuka mbio, akamkumbatia kiunoni. "Nimepatia! Umeona?"

"Nimeona, kipenzi."

"Nikikuona wewe nakosea tu. Najua utakuja. Nilipoona mikono ya yule kaka nikaogopa, nikasema huyu haji, nisipopatia nimekwisha." Akacheka kwa meno yake ya waya. Hakuwa na ubaya hata chembe. Ndiyo maana neno lile lilimwingia Bi Roz vile.

Bi Roz akaendelea kumpapasa nywele. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Nilikaa naye misimu kumi na mmoja, hiyo ndiyo sauti pekee niliyomsikia akipiga bila mtu wa kumfuata.

Ubaya zaidi ni kwamba Gordon alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

Filamu ilifika kwenye sinema ya mji wetu majira ya kuchipua yaliyofuata. Gordon aliwaleta watoto wa kambi kwa basi kutoka New York. Wimbo wa mwisho ukaja. Sweta ya kijani ikajaa pazia zima, vifungo vya mfupa, na mikono laini ya kijana isiyo na unywele hata mmoja. Watoto wakalipuka. "Bi Roz! Wewe huyo! Umetoka kwenye filamu!" Lupe mpishi alinyanyuka, akageuka, akatupigia mbinja ya vidole viwili. Wendell, sauti yake sasa nzito kama lori, akainama kutoka kiti cha nyuma: "Mikono yako inaonekana michanga, Bi Roz. Filamu hizi, ee?"

"Ni taa," Bi Roz akamjibu.

Mikono yake ilikuwa mapajani, ndani ya glavu za sufu. Majira ya baridi yaliyotangulia nyumba ya mazishi ilimwacha kwa heshima baada ya mazishi mawili kwenda polepole kuliko jeneza.

Na Gordon alikuwa ameshaagiza mashine. Kasha jeusi la ukubwa wa friji ndogo, spika nne, na nyimbo zote za kambi ndani yake, zimepigwa na mafundi kweli. Alituonyesha siku ya kufungua msimu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. "Nidhamu!" alisema. "Twyla alitufundisha wote. Mtoto akijua hakuna wa kumngoja, anajifunza!" Piano waliisukuma nje ya banda. Pahali pake wakaweka mtungi wa kuzimia moto, maana ndoo ya mchanga nayo ilistaafishwa. Bi Roz akapewa ubao wa shaba wenye jina lake na kiti safu ya pili, kiti cha heshima. Kwa mara ya kwanza jina lake likabandikwa pale kambini. Katika ubao walikuwa wameandika "Rosalind".

Onyesho la kwanza la Julai, mvulana wa miaka kumi na mmoja, Emmett Sayles, alivaa ndevu za pamba na kuimba wimbo wa baharia. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri. Kisha akarukia wa tatu.

Mashine ikaendelea na wa pili.

Emmett akasikia. Akasimama, mdomo wazi. Akageuza kichwa kwenye pembe ya jukwaa, kama wote walivyozoea kugeuza, akauona mtungi wa kuzimia moto. Ndevu zikaanza kuteleza. Nilikuwa nimekaa na Bi Roz. Akatoa mikono kwenye glavu, akaiweka kwenye mgongo wa kiti cha mbele, kwenye mabega ya mwanamke wa watu kutoka New York, akatafuta ubeti wa tatu. Vidole viwili vilishuka. Vingine vilibaki vimekunjwa. Mwanamke yule akageuka, akamtazama juu hadi chini, akasogeza kiti.

"Samahani," Bi Roz akasema.

Mashine ilimaliza wimbo peke yake, beti zote nne, vizuri sana, bila kosa. Gordon akaanza kupiga makofi, tukamfuata.